Kiuno cha Mkwe

Redio iliuita mdororo wa uchumi. Mtaani hakuna aliyekuwa na pumzi ya kutamka jina refu namna hiyo, wakauita hali. "Unaionaje hali?" anauliza huyu. "Hali si hali," anajibu yule, na mazungumzo yamekwisha, kila mtu anashika njia yake. Kiwanda cha vigae kilifunga lango kwa sababu watu wameacha kujenga, watu wameacha kujenga kwa sababu kiwanda kimefunga lango, na ukitaka kujua nani alianza utakesha.

Basi watu wakaishi. Wangefanyaje? Nyumba mbili mbili ziliungana kwenye jiko moja la mkaa: aliyewasha anapika kwanza, sufuria yake ikitoka tu, ya jirani inakalia makaa yale yale kabla hayajapoa. Mwalimu aliyezoea basi akaanza kwenda shuleni kwa miguu, akatangaza kwamba daktari wake ndiye aliyemwamuru. Daktari gani huyo, hakuna aliyeuliza, maana kila mmoja alikuwa na daktari wake wa namna hiyo. Kwa kinyozi wateja waliketi na kusema neno moja tu: "Zote." Wanyolewe zote, ili zichelewe kurudi. Mtaa ukawa wa vipara vitupu, jua likiwaka unafumba macho.

Fundi Nusu Inchi aliyaona hayo yote kutoka mlangoni kwake, nyuma ya cherehani. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Aliitwa Nusu Inchi kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kumridhisha, hata umvike bwana harusi akapendeza mpaka mama yake akalia, yeye atarudi nyuma kidogo, afumbe jicho moja, aseme, "Hapa pamezidi nusu inchi." Na alikuwa na haki ya kuringa, tusimwonee. Jicho lake lilipima. Mtu akipita ng'ambo ya barabara, Nusu Inchi anakitaja kiuno chake kwa sauti ya chini, na tepu ikija kusema, inasema vile vile.

Nguo mpya ziliacha kushonwa. Kazi ya kugeuzageuza ndiyo haikukoma. Kola iliyochakaa inafumuliwa, upande wa ndani unakwenda nje. Suruali ya baba inakatwa inakuwa ya mtoto, na kinachobaki kinakuwa kaptula ya mdogo wake. Zaidi ya yote, kupunguza viuno. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya hali aliijua Nusu Inchi. "Nipunguzie kidogo hapa, Fundi," mtu atasema, "naona suruali imelegea." Imelegea suruali, siyo yeye aliyekonda. Nusu Inchi anaitikia, "Vitambaa vya siku hizi bwana," na kuchukua pini zake. Hakuwahi kumwumbua mtu.

Sasa, kulikuwa na suti. Kijana mmoja aliiagiza kwa ajili ya harusi yake: rangi ya wino, koti la vifungo viwili, na suruali isiyo na vitanzi vya kupitishia mkanda, kwa kuwa aliambiwa na sijui nani kwamba bwana harusi wa kisasa havai mkanda. Suti ilipokamilika, harusi ikaahirishwa. Hali. "Ikae kwako, Fundi," kijana akasema, "na akitokea mtu mwenye shida ya maana, avae. Ikining'inia tu italiwa na nondo." Mtu mwenye shida ya maana alitokea kesho yake. Aliitwa kwenye usaili wa kazi na shati lake la maana lilikuwa limekwisha kuwa dekio.

Tangu hapo suti ikawa ya mtaa mzima. Nusu Inchi hakuishona tena kwa mashine. Aliipiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu, ili mvaaji akirudi aifumue ampimie mwingine. Leo imepanuliwa kwa ajili ya dereva mnene, keshokutwa imebanwa kwa ajili ya karani mwembamba. Kila aliyeivaa alipewa masharti mlangoni: "Usichuchumae. Usicheke sana. Wakikuambia keti, keti polepole." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini wahenga hawakuwahi kuitwa kwenye usaili.

Haya, twende kwa mkwe.

Binti wa Nusu Inchi aliolewa na mtunza ghala wa kile kiwanda cha vigae, kijana mpole, mwenye adabu mpaka inakera. Kiwanda kilipofunga lango, wakatokea asubuhi moja wote: mume, mke na watoto wawili. "Tumekuja kuwasalimu, Baba," akasema binti. Nyuma yao mkokoteni umebeba godoro, ndoo na kabati la nguo. Nusu Inchi akalitazama kabati. Salamu gani hizo zinazokuja na kabati? Lakini mkewe alikuwa ameshawabeba wajukuu, mmoja huku mmoja huku, na mkokoteni ukaanza kushushwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, sawa. Mkwe unampa nini? Nyumba ilikuwa vyumba viwili, sebule, na kile chumba cha mbele cha cherehani, na ndani yake mna wanaume wawili wanaoheshimiana. Kero kubwa kuliko hiyo sijaiona. Nusu Inchi, aliyezoea kukaa kifua wazi joto likizidi, sasa alivaa shati na kulifunga mpaka kifungo cha shingo, kwake mwenyewe. Asubuhi alisubiri chumbani asikie kama mkwe ametoka bafuni. Mkwe naye alisubiri chumbani asikie kama baba mkwe ameingia. Wanasikilizana hivyo mpaka maji yanapoa. Kiti kizuri cha sebuleni hakikukaliwa na mtu, kila mmoja akimwachia mwenzake. Mezani ndiyo balaa: mkwe hagusi mpaka mzee aguse, na akigusa, matonge machache tu, anafuta mkono. "Nimeshiba, Baba. Ahsante sana." Nusu Inchi alijisemea kimoyomoyo kwamba kijana amelelewa vizuri, lakini laiti angelelewa hivyo nyumbani kwake.

Alitaka nyumba yake, tuseme ukweli. Alikuwa anamwombea mkwe kazi kwa nguvu zote, na nusu ya dua ilikuwa ya kifua chake kipate hewa.

Halafu mkewe akamwita jikoni, akafunga mlango. "Binti yako hajakwambia," akasema. "Mumewe ameitwa intavyuu, ghala la ile kampuni ya sabuni. Akikosa, anasafiri. Peke yake, nchi ya mbali, anasema huko kuna vibarua."

"Si vizuri? Mwanamume anahangaika."

"Wewe nawe. Wanaokwenda huko mwaka wa kwanza wanatuma pesa. Wa pili wanatuma picha. Wa tatu unasikia wamejenga, na ndani ya nyumba wameshaweka mtu." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Mtoto wangu halali, mume wangu."

Nusu Inchi alirudi kwenye cherehani na kukaa, mguu juu ya pedali, bila kushona kitu. Kumbe alikuwa hamtaki mkwe aondoke namna hiyo. Alimtaka aondoke na mke wake, watoto wake na lile kabati.

Suti ikateremshwa kwenye msumari. Na hapo ndipo fundi mwenye jicho akakwama. Kumpima mtu kiuno lazima umkumbatie na tepu, na urefu wa mguu lazima uanzie pale pa kuanzia. Mkono wa baba mkwe ufike huko? Astaghafiru. Bora sindano imtoboe kidole. Akasema ampime kwa jicho, lakini jicho nalo lina adabu: tangu kijana aje, Nusu Inchi hakuwahi kumtazama chini ya kola. Akapata akili, au aliyoiona kuwa akili. Kulipokucha alizunguka uani, akaikuta suruali ya mkwe imeanikwa kwenye kamba, akaipima ikiwa pale pale, huku akitazama huku na huku utadhani anaiba. Akaishona suti kwa vipimo hivyo, bandi safi.

Siku ya usaili mkwe alitoka chumbani koti limefungwa vifungo vyote, viwiko amevibana mbavuni, amesimama wima kama mwanajeshi kwenye gwaride.

"Imekaaje?" Nusu Inchi akauliza, akiangalia ukuta.

"Imekaa vizuri sana, Baba. Mungu akubariki."

"Usichuchumae."

"Siwezi, Baba," mkwe akasema, na kumbe ulikuwa ukweli mtupu. Akaondoka kwa hatua fupifupi, viwiko bado vimebanwa, na Nusu Inchi akafurahi kuona kijana anavyojua kutembea na suti.

Binti alikuwa uani anaanua nguo. Nusu Inchi, moyo umemkunjuka, akamwambia asihofu, suti imepimwa juu ya ile ile suruali ya mumewe. Binti akaacha kuanua.

"Hii, Baba?" Akaishika suruali. "Hii ni ya wakati ule wa kazi. Siku hizi anaifunga na kamba, shati linafunika. Inamzunguka mara mbili."

"Mbona hakusema?"

"Akuambie wewe?"

Hilo lilimfika. Nusu Inchi alichukua sindano, akachukua kidonge cha uzi, na akatoka mbio, mtu mzima yule, kifungo cha shingo kimefungwa, kandambili zinampiga visigino. Mkasi aliusahau. Kinyozi alimwona akipita akadhani pameungua mahali, akasimama barabarani na wembe mkononi kutafuta moshi.

Ghala la sabuni lilikuwa na uwanja mkubwa mbele, ofisi ndogo ng'ambo, na langoni kibanda cha mlinzi. Waliosubiri walipanga foleni kando ya ukuta. Mkwe alikuwa wa mbele, amejibana kona, mikono yote miwili ndani ya koti. Mtu angesema anaumwa tumbo. Alikuwa ameshika suruali.

"Njoo," Nusu Inchi akamwambia. Akamvuta hadi kwenye kibanda cha mlinzi, akamwomba mlinzi radhi, akafunga kimlango. "Toa mikono. Inua koti. Geuka."

"Baba..."

"Geuka, mwanangu."

Mkwe akageuka, masikio yamemwiva. Nusu Inchi akapiga magoti, akashika kitambaa kilichozidi nyuma ya kiuno ili akibane. Kikajaa mkono. Akakunja zaidi, bado kikajaa. Alikuwa ameshika viuno vya mtaa mzima mwaka ule, akipunguza hapa kidogo na pale kidogo, lakini kiuno kama hiki alikuwa hajakishika. Vidole vyake viligusa mfupa. Akabaki amepiga magoti pale, kitambaa mkononi.

"Unakula wapi wewe?" akauliza mwishowe.

"Kwako, Baba."

"Unakula nini kwangu?"

Mkwe akakohoa. "Watoto wanakua, Baba. Na nyinyi ni wazee. Chakula chenyewe si kingi."

Nusu Inchi aliona aibu mpaka macho yakamwuma. Alilala nyumba moja na mtu huyu. Alikula naye meza moja, akimsifu kwa adabu, na kumbe adabu yenyewe ilikuwa njaa. Jicho linalopima watu ng'ambo ya barabara! Akatunga uzi kwa taabu maana tundu la sindano lilikuwa limeanza kucheza mbele yake, akaanza kupiga bandi, mshono baada ya mshono, mlinzi akitoa ushauri usiotakiwa juu ya bega lake.

Alipofika mwisho, kulibaki kukata. Mkasi uko nyumbani. Kawaida yake bila mkasi ni kukata uzi kwa meno, tena karibu kabisa na kitambaa. Akainama, akafungua kinywa, na hapo hapo akakumbuka yu wapi na mbele yake ni nini. Meno ya baba mkwe, pale? Akasita. Na alipokuwa amesita, sauti ikaita kutoka ofisini: "Anayefuata!" Mkwe, mtu wa kutii, akachomoka kibandani kama aliyefunguliwa kamba.

Uzi ukaenda naye. Kidonge kikaanza kuzunguka kiganjani mwa Nusu Inchi, kikizidi kupungua, uzi mweusi umenyooka kuvuka uwanja mzima kutoka kibanda cha mlinzi hadi kwenye kiuno cha mtu anayekwenda kuomba kazi. Foleni nzima ikageuza shingo.

"Umenasa samaki, mzee," mlinzi akasema. "Mvute polepole tu, usimkatishe."

Kumvuta ndiko kusikowezekana. Bandi isiyo na fundo ukiivuta inakusanya kitambaa chote. Ukiikata kiholela inajifumua, na suruali haina mkanda. Mlango wa ofisi ukafungwa, uzi umepita chini yake. Nusu Inchi akafanya lililobaki. Akaufuata, akiukunja upya kwenye kidonge hatua kwa hatua, kichwa chini, akapita mbele ya foleni nzima, akabisha hodi.

Ndani aliketi mama mmoja wa makamo, miwani puani, sura ya mtu aliyesikiliza shida za wengine tangu asubuhi. Mkwe alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa ameambiwa aketi, akakataa kwa heshima.

"Na wewe ni nani?" mama akauliza.

"Mimi ndiye mwenye uzi," Nusu Inchi akasema, akaonyesha kidonge. "Naomba mkasi, mama, nisikusumbue."

Mama akautazama uzi ulikotoka, akautazama ulikoishia, akafungua droo akampa mkasi. Nusu Inchi akapiga magoti, akatia fundo, akakata. Akasimama, akarudisha mkasi kwa mikono miwili. Angeondoka na ingekuwa heri, lakini mama alikuwa amevua miwani.

"Suti hii naijua," akasema. "Imeshakuja hapa. Ilikuja na mtu mnene, ikaja na mwembamba mrefu. Nilidhani macho yangu yamechoka."

"Ni ya mtaa," Nusu Inchi akasema. "Naibana, naiachia. Huyu nimekosea kumpima. Si kosa lake, ni langu. Huyu ni mtoto wangu." Hakusema mkwe. Neno halikumjia kabisa.

Mama akainama kuifuta miwani. Nusu Inchi akaona, bila kupenda, kwamba kola ya blauzi yake imegeuzwa, tena na mtu asiyejua kazi. Hata huku, akawaza. Hata nyuma ya meza.

"Niwaambie ukweli, maana mmenichekesha na sijacheka siku nyingi," mama akasema, na kweli alikuwa anajizuia. "Nafasi ilikuwa moja. Nimeshampa yule mnene. Nyinyi wengine mliitwa kabla wakubwa hawajaamua, na hakuna aliyekubali nifunge mlango watu wakiwa kwenye foleni. Jina lako ninalo, kijana. Likitokea jambo nitakuita." Akavaa miwani. "Suti yenu imepata kazi. Wewe umeichelewa tu."

Walitoka. Mlinzi aliuliza mambo yameendaje, wakamwambia ahsante.

Njiani Nusu Inchi alijua kinachokuja, na alikisikia kikikaribia hatua kwa hatua.

"Baba," mkwe akaanza, "nilikuwa nafikiri, kama hamtajali, mwisho wa mwezi nisafiri kidogo..."

"Hutasafiri."

"Nimewaelemea, Baba. Nyumba yenyewe..."

"Nimekushika kiuno mbele ya mlinzi," Nusu Inchi akasema, akisimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akalazimika kumkwepa. "Nimepeleka meno yangu mahali ambapo sitapataja maisha yangu yote. Heshima gani imebaki kati yetu, hebu niambie? Imekwisha! Sasa naweza kusema na wewe. Nilitaka uondoke. Kila siku nilitaka, nipate kuvua shati langu kwa raha. Leo sitaki. Ukienda huko utakonda zaidi ya hapo na hakutakuwa na mtu wa kukupunguzia suruali. Utakaa. Viuno vya mtaa huu vyote vinakuja kwangu na mikono ninayo miwili tu. Kufumua utajua. Ulikuwa unahesabu vigae, utashindwa kufumua mshono? Na njaa, kama ipo, itakuwa ya wote. Mimi sili shibe ya peke yangu mezani kwangu na mtu anajifunga kamba. Hiyo si adabu, mwanangu. Ni kunitukana."

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Nusu Inchi alidhani anatafuta namna ya kukataa kwa upole, maana upole ndio aliokuwa akiujua. Watu wakawapita, wakiitazama ile suti ya rangi ya wino. Kijana akajifuta uso kwa mkono wa koti, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamtazama baba mkwe machoni.

"Baba," akasema, "nina njaa."

"Hata mimi," akasema Nusu Inchi, na wakaongeza mwendo.